Gari Lililozoea Mteremko

Usiku ule sikukaa chini. Binti yangu Nasra alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda changu, uchungu umemshika tangu jioni, nami nilikuwa natoka nje kila mara kutazama barabara inayopanda kutoka Mlali. Kwenye kiwanja changu unaziona taa za gari tangu likiwa bado chini kabisa, kabla hata hujasikia mlio. Hakukuwa na taa.

Tulikuwa tunamngoja kaka yangu Stambuli. Nesi wa zahanati alishatuambia kwamba mtoto amelala mlalo tumboni, Nasra asijaribu kuzalia nyumbani, apelekwe mjini akafanyiwe upasuaji. "Mkichelewa, mama, mnaweza kuwakosa wote wawili," aliniambia, na aliniambia akinitazama usoni ili nisijifanye sikusikia. Safari tulipanga iwe Jumamosi. Uchungu ukaja Alhamisi. Pikipiki zipo, lakini nesi alizikataza kabisa. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine mbali. Lililobaki lilikuwa la Stambuli, na simu ya Stambuli haikupatikana.

"Labda chaji imemwishia," alisema Asha, jirani yangu aliyekuja kukesha nasi.

"Anachajia kwenye gari."

"Basi labda gari," akasema, kisha akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nasra alikuwa akipata nafuu kidogo kati ya uchungu na uchungu. Akaomba mfuko wa nguo, akaupekua mwenyewe. "Mama, khanga ya mtoto ni hii ya kijani. Hiyo ya zamani usiitoe mbele za watu, utanitia aibu."

"Sawa, mwanangu."

"Usisahau. Wewe ukiwa na wasiwasi unasahau."

Sisi Waluguru tunahesabu mtoto kwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa kwanza. Nasra alipochumbiwa, posa ilipelekwa kwa Stambuli, na Stambuli akawarudisha washenga mara mbili kwa sababu walimkuta chini ya gari na hakutaka kuongea mambo ya heshima akiwa na grisi. Ndivyo alivyo. Alianza kama utingo wa malori ya ndizi, na mara alipoweza akanunua Land Rover ambayo ilikuwa imezeeka kabla Nasra hajazaliwa. Tangu hapo, huku kwetu hakuna nyumba ambayo gari lile halijaibebea kitu. Kabeji, mabati, bibi harusi, wagonjwa, maiti. Stambuli huvaa sweta lilelile hata jua likiwaka, na akiingia kwa mtu hukaa mahali anapoweza kuliona gari lake kupitia mlangoni.

Huku milimani watu wenye magari ya zamani hawayawashi kwa ufunguo. Jioni unaliegesha kwenye mteremko, pua chini, unaweka jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi unaondoa jiwe, gari linaanza kushuka lenyewe, unatia gia ya pili, linashtuka na kuunguruma. Stambuli ana jiwe lake maalumu, analibeba garini kama mtu anavyobeba mswaki. Mtu akimwuliza habari ya betri hucheka. "Betri yangu ni mlima," husema.

Mwaka huu redio yake ya zamani iliharibika, akanunua nyingine mjini, ya taa za bluu. Fundi mmoja aitwaye Kondo ndiye aliyeifunga. Stambuli alimwomba aiunge iweze kusema hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa sababu alfajiri wanawake wakipakia mboga hupenda kusikiliza matangazo ya vifo, na yeye mwenyewe ndiye huwa anawapeleka msibani. Watu walifurahi. Mimi nilikuwa naona jambo moja tu. Usiku nikitoka, gari likiwa limelala kwenye mteremko wake, kulikuwa na taa ndogo ya bluu ndani, nyuma ya kioo.

"Kaka, kuna kitu kinawaka mle," nilimwambia.

"Ile ni saa, Mwaisha. Saa hailali."

Mambo ya magari siyajui.

Simu yangu iliita alfajiri, namba ngeni. Ilikuwa sauti yake.

"Mwaisha, Nasra yukoje?"

"Njoo, kaka. Uko wapi?"

"Niko Dakawa, ng'ambo kabisa ya mji. Nilileta watu msibani jana. Gari limegoma." Nilisikia watu wakibishana nyuma yake. "Huku ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga pande zote, hata kichuguu cha kuliegeshea hakuna. Limekaa kutwa nzima, redio inawasomea wafiwa Kurani. Jioni naligusa, kimya. Tumesukuma mpaka giza, lakini ni matope, haliendi. Simu nayo ikafa."

"Kwa hiyo?"

"Trekta linakuja kunivuta. Mwambie Nasra mjomba anakuja."

Sikumwambia kwamba yuko Dakawa. Nilimwambia yuko njiani. Alinitazama, akajua, akafumba macho.

Jua lilikuwa limeshapanda tulipoliona gari likija. Stambuli hakuzima. Aliligeuza pua chini, mguu mmoja breki na mwingine mafuta, sweta na suruali vimejaa tope mpaka kifuani, akapiga kelele kupitia dirishani, "Mleteni, sizimi." Asha na mimi tukamlaza Nasra nyuma kwenye godoro. Asha akabaki. Mimi nikakaa kwenye godoro, kichwa cha Nasra mapajani, mkono wangu tumboni kwake. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, likilegea, likikaza tena.

Kuteremka mpaka Mlali gari lilikwenda vizuri. Kwenye lami pia lilikwenda. Kila alipopunguza mwendo mlio ulishuka na kukohoa, naye akakanyaga mafuta haraka, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nakaza mguu wangu pamoja na wake.

"Si ungebadilisha betri tu, mjomba," Nasra alisema akiwa amefumba macho.

"Hii betri nimeinunua mwaka huu huu. Usiitukane, itasikia."

Nasra akataka kucheka, uchungu ukamkata.

Redio ilikuwa ikisema muda wote, nadhani hakuna aliyekuwa akiisikiliza, mpaka yalipoanza matangazo ya vifo. Marehemu fulani, mazishi saa kumi, habari ziwafikie ndugu walioko wapi na wapi. Nilihisi kichwa cha Nasra kikigeuka mapajani mwangu.

"Mjomba, zima."

Stambuli akabonyeza kitufe. Sauti ikakatika.

Karibu na Msamvu, tunaingia mjini, tukakuta foleni. Lori mbele, basi nyuma, na barabara imelala sawasawa kama mkeka. Gari lilitetemeka, likakohoa, likazima. Stambuli akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Akauchomoa, akaufuta kwenye sweta, akautazama kama vile ndio wenye kosa.

Hapo ndipo nilipoiona tena, katikati ya viti viwili vya mbele. Ile taa ya bluu.

"Kaka, redio umeizima."

"Nimeizima."

"Na ufunguo unao mkononi."

"Ninao."

"Basi ile inawaka kwa kula nini?"

Alitaka kusema saa, nilimwona mdomo ukianza. Akautazama ufunguo, akaitazama redio, na uso wake ukabadilika polepole. Nadhani alikuwa akizikumbuka asubuhi zake zote za kuondoa jiwe na kuteremka, ambazo gari liliwaka bila kuidai betri chochote, akaamini ni nzima. Usiku redio inanyonya, asubuhi mlima unaficha. Angekuwa mtu wa tambarare angejua tangu wiki ya kwanza.

"Inakula betri kila usiku, mpaka haishiki tena chaji," alisema. "Kondo ameiunga moja kwa moja. Ni mimi niliyemwomba."

Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akashika nyaya, akavuta kwa nguvu zake zote. Taa ya bluu ikafa.

Lakini betri iliyokauka hairudi kwa hasira. Akashuka. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kando ya barabara, wanatutazama.

"Mzee, chuma chakavu wanapima upande ule," mmoja akamwambia, na wenzake wakacheka.

"Ndani kuna mjamzito, wanangu. Mtoto amekaa vibaya."

Yule aliyetania ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka. Sikuwahesabu. Niliona viganja kwenye kioo cha nyuma, vingi, na mabega. Lori la mbele lilikuwa limesogea. Stambuli akarukia usukani, gari likaanza kubiringika, na Nasra akaniuma mkono, sikuuondoa. Akatia gia. Likaruka, likazima. Wakasukuma tena, mmoja akihema na kusema, "Shangazi, mwambie mtoto asizaliwe hapa, tutampa jina la barabara." Gia tena. Likashtuka, moshi ukawafunika wote, tukaondoka hata bila kuwashukuru.

Hospitalini walimpokea kwa kitanda cha magurudumu. Daktari akagusa tumbo, akasema neno moja kwa nesi, wakaanza kukimbia. Nikakimbia nao mpaka kwenye mlango mweupe. Nesi akanyoosha mkono. "Mama, mwisho hapa." Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi nimeukumbatia mfuko. Uani nilisikia gari la Stambuli likiendelea kuunguruma, na mlinzi akigomba.

"Mzee, zima, unatujazia moshi."

"Nikizima utanisukuma wewe?"

"Utaliacha likiunguruma mpaka lini?"

Uani ni sawasawa, nilipaona tulipoingia, hakuna hata pa kuweka lile jiwe lake. Baada ya muda mlio ukakatika. Nikaruka kutoka kwenye benchi, nadhani kwa mazoea ya siku ile, maana kila mlio ulipokatika moyo wangu ulikatika nao. Stambuli akaja akitembea polepole, tope limemkaukia, akakaa karibu nami.

"Umezima," nikasema.

"Nimezima. Sina safari mpaka mlango ule ufunguke."

Yeye, ambaye popote akaapo hulitazama gari lake, alikuwa amelielekezea mgongo. Tulitazama mlango. Watu walipita, chakula cha wagonjwa kikapita, mlango ukabaki vilevile. Nikaanza kutafuta sauti ya mtoto nyuma yake, nikawa naisikia katika kila kitu, kwenye magurudumu ya toroli, kwenye bawaba za dirisha, halafu si yenyewe.

Kisha kitasa kikashuka. Nesi akachungulia, barakoa ameishusha kidevuni.

"Ndugu wa Nasra? Nahitaji nguo ya mtoto."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko, nikatoa khanga ya kwanza niliyoigusa, nikampa. Akageuka kwenda nayo. Nikasikia mtoto akilia huko ndani, safari hii kweli, kisha sauti ndogo ya uchovu, na nesi akarudi, akausukuma mlango kwa bega ukawa wazi wote.

"Anasema siyo hii," akasema. "Anataka ya kijani."