Kupeleka Kituo cha Mkwajuni Gisenyi

Utoto wangu wote mama yangu aliuza mayai ya kuchemsha na asali kwenye kituo kidogo cha reli kiitwacho Mkwajuni, magharibi ya Tabora. Siku hizi treni haisimami pale. Inapita na vumbi lake. Kwa hiyo nilikijenga upya, kidogo, juu ya ubao wa mninga wenye urefu wa kitanda cha mtoto. Nikakiwekea reli, jengo, saa ya ukutani na benchi. Mama alipokiona alisema, "Unacheza na vibiriti wakati wenzako wanalea wajukuu," akaendelea kuchagua mchele. Nikaapa kwamba siku moja nitamwonyesha treni ikisimama Mkwajuni, na hapo atanisifu apende asipende. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, na sioni haya kuisema.

Mmeniuliza wengi chama chetu ni cha nini. Ni watu wa Tabora, Nairobi, Kigali, Gisenyi na Goma tunaopenda treni za mfano, na tulijuana kwa simu. Kila mmoja hujenga kipande chake nyumbani: upana uleule, kimo kilekile kutoka sakafuni, reli zikiishia ukingoni mahali palepale. Siku ya maonyesho tunavikaza vipande kwa boliti, na treni inatoka kwa huyu inaingia kwa yule. Safari hii maonyesho yalikuwa Gisenyi, mji wa mpakani katika nchi ambayo haina reli. Nilidhani hilo halitakuwa na neno.

Tabora tuliondoka alfajiri. Mimi ni kiguu na njia, kukaa kwenye kiti kimoja kunaniwasha, na safari hii sanduku lenye kituo changu lilikuwa kwenye buti ambako sikuliona. Kila basi liliposimama nilishuka kulikagua. Kufika Kahama konda aliniuliza kama nimebeba maiti.

Rusumo, mpakani, afisa wa forodha wa Rwanda aliivua nailoni yote niliyofungia mzigo, maana kwao mifuko hiyo hairuhusiwi. Mbona nilijua, nikasahau! Akachungulia ndani.

"Hii ni nini, mama?"

"Stesheni."

"Stesheni ya nani?"

"Ya mama yangu."

Alicheka hadi akamwita mwenzake. Nikafunga kituo kwa khanga zangu mbili, tukavuka daraja, na basi likahamia upande wa kulia wa barabara. Kwa muda mrefu nilikuwa nakanyaga breki ambazo sina.

Kigali nililala, kama huko ni kulala, na asubuhi nikapanda gari la Gisenyi. Milima ya Rwanda ni mizuri, sikatai, lakini haikuachi ufike. Unapanda, unazunguka, unashuka, na ile nyumba ya bati jekundu uliyoipita bado unaiona ng'ambo ya bonde. Karibu na Musanze ikanyesha, na mimi nikaifikiria ile saa ndogo ya karatasi chini ya khanga mbili. Kawia ufike, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mama anayesubiri simu.

Gisenyi tuliingia mchana, tukiteremka kuelekea ziwa, pikipiki zikitupita huku na huku. Sadiki, mwenyeji wangu, alikuwa stendi. Ni mwuza vipuri vya pikipiki mtaa wa Mbugangari, mtu mnene wa kofia nyeupe, na katika simu zetu zote sikuwahi kumsikia akiharakisha neno.

"Karibu sana, Mama Tanzania," alisema. "Ile sanduku iko kubwa! Bon, tutaibeba pole pole."

Nikamwomba tukaone kipande chake kwanza, kwa kuwa changu kilipangwa kufungwa baada ya chake. Mke wake, Mama Aisha, hakutaka kusikia.

"Kula kwanza, mama. Reli haiwezi kimbia."

Nikala sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa lao, na sombe, yaani kisamvu, tamu kweli, huku mguu wangu ukipiga sakafu chini ya meza.

Jioni, uani kwao, Sadiki alifunua kazi yake. Ilikuwa Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpakani cha kwenda Goma, upande wa Kongo: vibanda, kizuizi cha chuma, na watu, watu wengi mno, kila mmoja mrefu kama kidole gumba. Wanawake wenye mabeseni kichwani, wabeba mizigo walioinama, baiskeli za magurudumu matatu zilizojaa magunia. Reli ilikuja vizuri kutoka kushoto, ikafika kwenye kizuizi, ikaisha. Shubiri mbili mbele ilianza tena.

"Baba Aisha, reli hii imekatika."

"Hapana, haikukatika. Ile iko barrière."

"Sasa treni itapitaje?"

"Haipite. Itafika hapa, itasimama, bantu batashuka, batavuka na mizigo yao, bapande ingine ya Goma. Donc, njo vile."

"Lakini reli ni ya kupita!"

"Kwenu. Huku kwetu hakuna kitu inapita bila kushuka. Hata mi, nikibeba mukate ya watoto, nashuka."

Mkwajuni yangu ingefungwa ng'ambo ya pengo hilo. Umeme wa reli ya ng'ambo alikuwa ameshaupitisha kwa waya chini ya ubao, na wanachama wenzetu wa Goma walikuwa wanaleta kichwa chao cha treni, kwa hiyo treni ya kusimama kwangu ingekuwepo. Lakini sharti la Sadiki lilikuwa moja: ya Goma haiondoki mpaka kila mtu na kila gunia viwe vimevuka, kwa mkono, kimoja kimoja. Nikatoa kipande cha reli cha akiba nilichobeba. Kilitosha kabisa. Sadiki akaweka kiganja juu ya pengo.

"Mama Tanzania, mi nakuheshimu sana. Lakini hapa usiguse."

Nilikasirika. Nilisafiri nchi nzima na nusu nije kusubiri vijisanamu vivuke mpaka!

Asubuhi Mama Aisha alinichukua, nadhani ili nisigombane na mumewe. Yeye huvusha vitunguu kwenda Goma. Petite Barrière yenyewe ilinipita kasi: watu wanakwenda nusu mbio, beseni halitikisiki, mmoja anapiga kelele aachiwe njia, mwingine anapanga nyanya zilizoanguka bila kusimama. Nilijisikia nyumbani kuliko mahali popote tangu Tabora, na sikujua kwa nini.

"Uliona ule mwanamuke wa kitenge ya kijani, pale kwa kazi ya bwana yangu?" aliniuliza Mama Aisha, beseni tayari kichwani. "Ni mi. Alinitengeneza munene sana." Akacheka, akaingia kwenye umati, nikampoteza.

Siku ya maonyesho ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa ulijaa. Vipande vilikaa mstari mmoja mrefu, na Mkwajuni ilikuwa safi, imenyooka, saa haikulowa. Nilimpigia mama simu ya picha wakati treni ilipoanza safari upande wa kushoto. Dada yangu alimshikia simu huko nyumbani.

"Mama, inakuja. Usiondoke."

Ikafika kwenye kizuizi, ikasimama. Sadiki akavuta kiti, akakaa, akachukua kibano, akaanza kuvusha. Mwanamke wa kwanza. Gunia. Mwanamke wa pili. Alikuwa anapumzika katikati! Mikono iliniwasha. Ili mama asikate simu, nikaielekeza pale kwenye pengo.

Mama Aisha alikuwa amekuja na wenzake wa kivukoni, na hao hawakutazama kimya.

"Eeh, ule njo Fatuma! Angalia vile anapita mbele ya wengine!"

"Sadiki, vusha mi haraka, nyanya zangu zinaoza!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hatimaye gunia la mwisho likapakiwa, treni ya Goma ikaanza kusogea, na mimi nikakimbia na simu hadi Mkwajuni. Ikaingia polepole, ikapita benchi, ikasimama mbele ya jengo, sawasawa, kama nilivyoota. Machozi yalinilenga.

"Mama! Unaona? Treni imesimama Mkwajuni!"

Mama akasema: "Nirudishe kule."

"Kule wapi?"

"Kwa wale wanawake."

"Mama, Mkwajuni ni hapa."

"Hapo kuna nyumba na benchi. Treni imesimama, haya, nani anauza? Mkwajuni ni kule. Nirudishe, mwanangu, nilikuwa nawatazama."

Iliniuma, sitaficha. Nikamrudisha. Nikainamisha simu juu ya pengo la Sadiki, na mama akawa anavisema vile vijisanamu kama watu anaowajua: huyu atachelewa, yule mzigo wake umepinda. Sikuwa nimemsikia hivyo kwa miaka. Sadiki alinisogezea kiti, nikakaa.

Kurudi kulikuwa kurefu kama kwenda. Njiani niliona nilichokosea. Mimi nilikulia kituoni nikiitamani treni iondoke, iniondoe na mimi, ndiyo maana nilijenga kituo cha mtu anayetaka kupita. Sadiki, ambaye kwao hakuna reli, alijua kitu nisichokijua mimi binti wa kituoni: kwamba watu wanakula pale safari inapokatika. Mama alilisema kwa ufupi zaidi nilipofika: "Treni ikipita bila kusimama, tulilala na mayai yetu."

Nyumbani, kesho yake, nilikaa kwenye mkeka na kisu na vipande vya mti, na mama akaanza kunitajia wachuuzi wenzake wa Mkwajuni. Huyu mrefu wa karanga. Huyu aliyefunga mtoto mgongoni. Wale mapacha wa uyoga, wasikae mbali. Nilichonga tangu chai mpaka jua likazama, sikuinuka. Walipokamilika nikauliza, "Na wewe nikuweke wapi?"

"Mbele ya wote," alisema mama. "Mimi nilikuwa sisubiri mtu."