Nani Alitwanga Kahawa Hii?

Nakumbuka, mwanangu, siku baba yangu alipovua koti uani kwetu Karambi na kuomba mchi. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, mimba ya kwanza tumboni. Mimi na baba yako Masereka tulikaanga kahawa, tukaitwanga, tukaifunga kwenye pakiti ndogo na kuiuza sokoni Bwera. Duka moja la Kasese likaagiza pakiti nyingi sana, ila kwa bei ya chini. Baba yako akakubali palepale. Unamjua alivyo, neno hapana humkwama kooni.

Mtwangaji nilikuwa mimi. Mgongo uliniuma, miguu ikavimba, na nilipolala nilishika tumbo nikiogopa mtoto asije akanitoka. Sikumwambia mtu.

Baba alikuwa amefanya kazi ya hesabu kiwandani kwa miaka mingi. Alipokuja kutusalimu, jicho lake lilitua kwenye miguu yangu. Kwetu mzee hamgombezi mume wa bintiye nyumbani kwake, ni aibu kwa wote wawili. Akauliza tu, kwa upole, bei ile waliifikiaje.

“Baba, tunahesabu pesa ya makaratasi ya kufungia tu,” Masereka akajibu. “Kahawa iko ya shamba yetu. Kuni iko ya mulima. Kutwanga, ni bibi anatwanga.”

Hapo ndipo baba alipovua koti. “Basi nipe muchi. Kama kutwanga iko bure, hata mimi nitatwanga. Huyu apumuzike.”

“Hapana, Baba. Mukwe hawezi kutwanga kwangu. Watu watasema nini?”

“Basi tutafute mutu wa hapa. Atataka pesa ngapi?”

Masereka akataja ujira.

“Hiyo ndiyo umesahau,” baba akasema.

Wakaketi mkekani. Baba akaweka kahawa na makaratasi pamoja: hivi vinaingia ndani ya bidhaa yenyewe, na kahawa ya shambani nayo ina bei, maana tungeweza kuiuza vilevile bila kuikaanga. Mchi akauweka peke yake, kwa sababu mkono unaotengeneza una ujira wake. Kuni na chungu cha kukaangia akavisogeza upande wa tatu. Hivyo vinatumikia pakiti zote, huwezi kujua ukuni upi ulikaanga ipi, kwa hiyo unajumlisha na kugawa kwa idadi ya pakiti. Nauli ya kwenda Kasese akaikataa kabisa: hiyo ni gharama ya kuuza, si ya kutengeneza, ina hesabu yake.

Gharama ya pakiti moja ikapita bei tuliyoahidi. Masereka akaitazama miguu yangu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, na machozi yakamtoka. Kesho yake alikwenda Kasese kueleza. Duka likakataa bei mpya, na kweli ilituuma. Tukabaki na wateja wachache wa Bwera, tukamlipa jirani yetu atwange, nami nikapumzika. Mtoto akazaliwa salama. Ni wewe.

Sasa jana umenieleza hesabu ya siagi ya karanga unayotengeneza Kitswamba. Karanga zimo, chupa zimo, umeme wa mashine umo. Nilisikiliza mpaka mwisho nikimngoja mkeo Biira, anayechambua na kukaanga tangu alfajiri. Hayumo.

Mwanangu, hesabu kinachoingia ndani ya kitu. Hesabu mkono unaokitengeneza, hata kama mwenye mkono huo mnalala naye kitanda kimoja. Kisha gawa vile vinavyotumikia vyote, ndipo utaje bei. Mteja akiondoka kwa bei hiyo, atakuja mwingine. Biira akichoka akaondoka, utampata wapi?

Mungu aibariki kazi yenu, aibariki na mikono ya Biira. Nenda nyumbani sasa, umpokee ungo.