Kukandika Nyumba ya Shangazi

Shangazi yangu ana nyumba Junda, lakini ardhi iliyo chini yake si yake. Wengi huku Kisauni wako hivyo: kuta ni zako, mchanga ni wa mtu ambaye hata sura yake huijui. Afisa wa kaunti alipobandika ilani mlangoni, kwamba afyeke kichaka cha uani na atengeneze ukuta uliomomonyoka, la sivyo nyumba itabomolewa, nilifunga safari kutoka Magongo nikiwa na jibu langu tayari. Tununue matofali, tujenge, yaishe.

Shangazi akanicheka.

"Sikiza, mwanangu. Nikitia mawe, mwenye ardhi ataona nimejikita, atanitoa. Nikiiacha hivi, kaunti wataona nimehama, watabomoa. Tutakandika."

Mimi na elimu yangu tukashika panga.

Tulifyeka magugu yaliyonifika kifuani, tukayaacha juani. Siku zilizofuata tuling'oa fito zilizooza, tukafunga mpya, tukakoroga udongo. Jirani mmoja, mtu wa bara anayefanya kazi bandarini, alivua viatu bila kuombwa akaingia topeni.

"Mama, ukichanganya na mavi ya ng'ombe, hii ukuta haipasuki."

"Wallahi najisi haingii ukutani mwangu! Nitaswali wapi?"

Jirani akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaliendea lile rundo la nyasi tulizofyeka, zimeshakauka, akazikatakata na kuzitupia topeni. Shangazi akafinya donge, akaligeuza, akakubali. Basi kichaka kilichotuletea balaa tukakikandika ukutani. Niliwapenda mno wale wawili, kila mmoja na Kiswahili chake, wakibishania kiasi cha maji ya tope kana kwamba wamelelewa nyumba moja. Mimi nilikuwa wa kubeba ndoo tu.

Afisa aliporudi aliusukuma ukuta kwa kiganja, halafu kwa bega. Haukutikisika. Akazunguka uani, akarudi akitabasamu, akasema nyumba imepita.

Nilitaka kupiga vigelegele, mwanamume mzima.

"Lakini mama," afisa akauliza, "udongo huu utakaa muda gani?"

"Mvua mbili, tatu, inshallah."

"Halafu?"

"Halafu nikandike tena. Hapa ndipo nilipozaliwa, baba, na sijapata kukaa vyengine."