Friji ya Syombua na Bia Chungu

Kama kuna mtu aliyestahili friji katika mji mzima wa Garissa, ni Syombua. Joto la pale halina adabu: linakuamsha, linashinda nawe, na jioni linakungoja nje ya mlango. Naye alikuwa na baa ndogo nyuma ya kambi ya polisi, ambako walimu, wauguzi na askari waliohamishwa kutoka "Kenya", kama wenyeji walivyoiita sehemu nyingine ya nchi, walikuja kulalamikia uhamisho wao. Mteja akitaka bia baridi, Syombua alimtolea chupa kutoka kwenye karai la maji lililofunikwa gunia bichi. Mteja aliishika, akamtazama Syombua, akainywa hivyo hivyo kwa heshima.

Mwaka wa tisini na saba, kabla ya mvua, akaja afisa wa mauzo wa kampuni kubwa ya bia ya Nairobi. Jina lake Mureithi, kijana mnene mpole, na lori lake lilijaa bia mpya ya majaribio. Alieleza kwamba bia zote hutiwa maua fulani machungu, ila hii ilitiwa mengi zaidi, kama wafanyavyo watengenezaji wadogo wa ng'ambo wanaojipikia kwenye mabanda yao. Kampuni ilitaka kujua kama Wakenya wako tayari. Baa itakayoimaliza bia hiyo itapewa friji, kwa sharti moja: friji ikae na bia ya kampuni ndani. Ikikutwa haina, inarudi Nairobi.

Syombua alionja, na uso ukamkunjamana wote. Mama yake alikuwa mpika pombe hodari kule Mwingi, na uchungu wa pombe yake ulikuwa na sababu na wenyewe waliouzoea. Sasa kampuni yenye matangi makubwa kama nyumba inatafuta nini kwenye pombe ya kibandani? Lakini alikwisha kulisikia lile neno friji. Akapokea makreti yote.

Wateja walimgeuzia baa kuwa bunge. Mwalimu wa jiografia alishikilia kwamba mkubwa abaki na kazi anayoijua, maana yeye akiagiza bia anataka ile ile ya jana. Muuguzi wa hospitali alimwambia aone aibu: miaka yote analia kwamba bia za nchi hii zote ni moja, leo ameletewa tofauti anakunja pua. Koplo wa polisi hakujadili. Alipiga funda moja, akatema nje, akasema, "Hii ni mwarobaini."

Jina likashika. Mji wenyewe umejaa miarobaini kila ua, na hakuna aliyeona haja ya kununua zaidi kwenye chupa. Makreti yakageuka viti.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Mto Tana ukavimba, barabara ya Mwingi ikakatika, malori yakazama kwenye tope hadi vioo. Bia ya kawaida ikaisha. Iliyobaki ni ile wateja waliyokuwa wameikalia.

Koplo ndiye aliyejisalimisha kwanza. Alikunywa akiwa amefumba macho, na kesho yake akarudi. Mbu walikuwa wengi, watu wanaanguka kwa malaria kushoto na kulia, na wenzake wawili kambini walilala hoi ilhali yeye yuko wima. Hapo akakumbuka kwamba mwarobaini hunywewa kutibu malaria. Kabla ya juma kwisha, baa nzima ilikuwa inakunywa dawa. Muuguzi aliwaambia wazi kwamba bia haizuii malaria wala haiitibu, na mwenye homa aende hospitali. Walimsikiliza kwa makini, wakaagiza nyingine. Hata koplo alipoanguka kwa malaria yenyewe, alitangaza kutoka kitandani kwamba kosa ni lake, maana Jumapili alikwenda kanisani akasahau kunywa.

Syombua hakudanganya mtu. Aliyeuliza aliambiwa dawa ziko hospitali, hapa ni bia tu. Ila alilisema hilo huku akipangusa glasi kwa uso mzito wa mwuza dawa, na hilo naomba asihukumiwe. Makreti yakaisha.

Barabara ilipofunguka, lori likaleta bia chungu nyingine, na friji. Nyeupe, ndefu, imechorwa mlangoni glasi yenye povu. Syombua aliikumbatia mbele ya dereva bila haya. Akaijaza chupa, akangoja jioni.

Koplo alishika chupa yake, akaiachia.

"Mama, hii ni baridi."

Syombua akamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, ni baridi. Koplo akamtazama kwa huruma na kumuuliza ni nani amewahi kunywa mwarobaini wa barafu. Baridi inaingia kifuani, homa inaamka. Wote wakataka bia ya moto, isiyoingia frijini. Syombua alizitoa chupa moja moja, akaketi juu ya kreti, akalia. Aliumia kweli.

Bare, jirani yake mwuza ngozi, hakuwa amewahi kukanyaga baa hiyo. Mazungumzo yao yalipitia uani. Mkewe Lul aliuza maziwa ya ngamia.

"Mama Syombua, ile kabati ya baridi inalala bure," alisema Bare kutoka upande wake wa ua, kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Maziwa ya Lul inaharibika saa sita. Lakini bombe haikai na maziwa. Toa yote, osha fizuri. Kama unabenda, sisi tuongee."

Wakaongea. Friji ikahamishiwa mlango wa nyuma, Lul akaiosha mara nyingi, akaifukiza udi, akaifunika ile glasi ya mlangoni kwa leso. Ikajaa vidumu vya maziwa, na kila asubuhi Syombua akapata kikombe chake.

Siku Mureithi aliporudi bila taarifa, akiwa mwekundu kwa vumbi, hakukuwa na nafasi ya kuingiza hata chupa moja. Aliinua leso, akafungua, akakuta vidumu vitupu vya maziwa. Alisema kwa masikitiko kwamba sharti ni sharti, itabidi ipakiwe lorini. Lul alisimama kando, mikono kifuani. Syombua, kwa kukosa la kufanya, akamfanyia lile afanyiwalo mgeni yeyote aliyetoka kwenye joto. Akammiminia kikombe cha maziwa.

Mureithi akakimaliza. Akaomba kingine. Akauliza ile harufu ya moshi inatoka wapi, akaelezwa kwamba vyombo hufukizwa kwa kijinga cha moto. Macho yakamng'aa.

"Mama, hii kampuni inaweza kuitengeneza. Tunatia moshi kidogo, kwenye chupa, nchi nzima."

Syombua akakichukua kikombe mkononi mwa Mureithi, kingali nusu.

"Bia chungu pikeni mpaka mchoke, Bwana Mureithi, mimi nitawauzia. Maziwa ni ya Lul. Na friji ikienda, safari ijayo utayanywa moto."

Mureithi alikitazama kikombe kwa hamu kuliko alivyoitazama friji.

Jioni lori likaondoka bila friji. Kwenye kiti cha mbele, kati ya Mureithi na dereva, kilikaa kidumu cha maziwa kilichofungwa gunia bichi.