Makochi Yaliyomwaga Wakwe

Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha, nami kazi yangu mjini Unguja ilikuwa kuwapambia watu majumba: kuwachagulia makochi, mapazia na mazulia, na kuwagombeza mafundi kwa niaba yao. Nilijiona hakuna kiti nisichokijua. Ndipo zikanifika salamu za Pemba kwa mdomo wa jamaa aliyeshuka melini. Mama yangu mdogo, Bi Zuwena wa Madungu, Chake Chake, ambaye ni mjane, alikuwa na binti wa kuozwa, Asha. Baba wa mchumba, Mzee Kombo wa Chokocho, alikwenda kuposa, akakaribishwa kochini, na kochi likammwaga chini na kahawa yake. Mzee akanyanyuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Kufika kwao akasema amedhihakiwa. Watu wazima walipoingia kati, akakubali kurudi Ijumaa, mara moja tu. Akimwagwa tena, posa imekwisha.

"Asha analia," alisema yule jamaa. "Bi Zuwena anasema wewe ndiye mjuzi wa viti, uje hima."

Melini nilitapika njia nzima, kwa hiyo habari za bahari waulizeni wengine. Tuliposhuka Mkoani nikapata gari la kwenda Chake. Dereva aliposikia naenda kwa Bi Zuwena, akaniuliza, "Kwenye lile kochi?" Nikajua kisiwa kizima kina habari.

Madungu nilimkuta Bi Zuwena mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Haya ingia, lakini usikae."

Sebuleni palitandikwa mkeka, na watu wa nyumba wote wanakaa hapo. Makochi yenyewe yalisimama ukutani, kila moja na kitambaa chake cheupe cha kufumwa kwa mkono. Marehemu mumewe aliyanunua mnadani, ofisa mmoja wa Kiingereza alipofunga mizigo kurudi kwao.

Nikavua koti nikaanza kazi. Nilinyanyua pembe moja ya mbele. Mguu wa pili ukafuata papo hapo, maana yake fremu haijalegea. Nikatikisa mikono ya kochi, hata mlio hakuna. Nikalilaza kochi kifudifudi na kupapasa chini: mikanda ya katani imesukwa na kukazwa, springi zimefungwa kwa kamba kila upande zisipate kuyumba. Nilinusa makumbi ya nazi yaliyojazwa ndani, makavu. Hata maua ya kitambaa yalikutana sawasawa kwenye mshono, jambo ambalo mafundi wangu wa mjini huniapia kwamba haliwezekani.

"Mama, kochi hili ni zima kuliko mimi na wewe."

"Basi mbovu ni Mzee Kombo?"

"Sikusema hivyo."

"Maana kama ndiye, nenda Chokocho ukamwambie mwenyewe."

Ili kumwonesha, nikajitupa kitini, nikaegemea, nikanyoosha miguu. Wallahi ilikuwa raha tupu. Nikaanza kumhutubia juu ya uzuri wa springi, mara hodi, akaingia jirani yake, Shehe Hamad, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa upande wa binti. Nikakusanya miguu haraka, nikajisogeza mbele mpaka ukingoni, mikono juu ya magoti, kama afanyavyo kila aliyelelewa akaleleka. Kabla sijamaliza kumwamkia, ukingo ukazama, makalio yakateleza, na salamu niliimalizia sakafuni.

Shehe alinitazama kwa huruma. "Na wewe?"

Bi Zuwena alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Niliona haya, sikatai, lakini jibu nilikuwa nimeshalipata. Yule ofisa alikuwa akijitupa nyuma, na springi zote zilipangwa kumpokea huko. Mbele aliachiwa laini ili mapaja yake yasibanwe. Sisi mbele ya mkubwa, na zaidi mbele ya mkwe, hatuegemei; tunakalia ncha ya kiti. Kochi likiwa na ncha kama ile, hata lingekuwa na fremu ya chuma, litakumwaga tu.

Dawa ilikuwa kutengeneza ukingo mgumu, na ukingo mgumu unataka makumbi mazuri. Ya dukani Chake yalikuwa mabichi, yananuka tope. Nikaelekezwa Chokocho, kwa kinamama wanaoyafukia pwani mpaka yaoze, kisha wakayapiga na kuyaanika. Bibi mmoja mnene, mcheshi, aliniuzia gunia zima, akataka kujua ya nini.

"Ya kochi la Madungu," nikasema, "lililommwaga yule mzee."

Akaacha kuhesabu pesa. "Yule mzee ni mume wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini bibi aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Kila jioni anajizoeza kitandani! Nimemwambia, safari hii usikae ukingoni. Jisukume nyuma kabisa, ushike kwa nguvu." Nikacheka naye, nikabeba gunia langu. Laiti ningetumia akili kidogo.

Niliporudi Madungu nikafumua kitambaa cha mbele cha kila kochi, nikaviringisha makumbi ndani ya gunia kupata ukingo mnene kama mkono, nikaushona kwa uzi wa katani na kuupigilia kwenye fremu. Juu nikatandaza usufi usiumize, kisha nikarudisha kitambaa. Nilikaa ukingoni mimi, akakaa Shehe, mwisho Bi Zuwena mwenyewe, naye si mwepesi. Ukingo haukutikisika.

Ijumaa baada ya alasiri, Mzee Kombo akaja na ndugu zake wawili. Ndugu walikaa ukingoni, imara, nami moyoni nikajipongeza. Mzee alilitazama kochi kama mbwa aliyekwisha kumng'ata. Akasema bismillahi, akageuka, akajisukuma nyuma kwa nguvu zote.

Zile springi za ofisa zikampokea, na ule ukingo wangu mgumu ukamzuia mbele kama ukuta. Akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni, na kikombe cha kahawa alichopewa akiingia akakishikilia juu kama taa. Hakuna aliyecheka.

Shehe Hamad akaendelea na maneno yake kana kwamba haoni. Wakafika kwenye jambo gumu: Bi Zuwena, kutoka nyuma ya pazia, alitaka Asha akae naye Madungu mwaka wa kwanza.

"Hilo hapana," alisema Mzee Kombo. "Mke hukaa kwa mumewe. Kama ndiyo hivyo, sisi tunakwenda zetu."

Ndugu zake wakasimama. Yeye akajinyanyua, akarudi. Akajinyanyua tena, akazama zaidi. Ndugu wakaangalia dari. Nilipotaka kumpa mkono, Shehe alinikata jicho nikabaki nilipo.

"Tunakusikiliza, mzee," Shehe alisema kwa upole.

Mzee akajaribu mara ya tatu, akashindwa. Kisha sauti ikatoka chini kule kochini: "Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Basi nimekubali. Sasa nitoeni."

Tulimvuta watu watatu, vigelegele vikitoka chumba cha nyuma, na alipopata miguu yake Mzee Kombo mwenyewe akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikarudi Unguja, nikatapika tena njia nzima. Tangu hapo mteja akinijia simwulizi kwanza rangi ya kitambaa. Namwomba akae nimwone anavyokaa, kisha namuuliza wageni wake ni nani. Akiniambia ana binti wa kuozwa, namkazia ukingo, na katikati naacha laini.