Mama Vipini na kipini kifupi kinachomsubiri mwenyewe

Saa tatu asubuhi, Mama Vipini anabishana na bibi harusi.

Bibi harusi mtarajiwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea, chini ya taa kali. Anataka kutoga pua na kuvaa pete, na anaitaka leo hii. Pete yenyewe amekuja nayo mfukoni: nyembamba, inang'aa, ina ua dogo la kupambia. Harusi ni Jumamosi.

"Pete utavaa, mwanangu, lakini si kwenye kidonda," Mama Vipini anamwambia huku akinawa mikono hadi viwikoni. "Tundu bichi halitaki kitu kinachozungukazunguka. Ukijifuta uso, taulo linanasa. Ukivua blauzi, inanasa. Utaingia ukumbini na pua kama nyanya."

"Hii ni dhahabu, mama."

"Imepakwa dhahabu. Ona hapa kwa ndani, imeshaanza kuchubuka. Hebu niambie, hereni za bei rahisi huwa zinakuwasha?"

Bibi harusi anafikiri kidogo. Zinamwasha, tena zikikaa siku mbili masikio hutoa maji.

"Basi na pua itakuwa hivyo hivyo, ila pua hutaifunika kwa nywele."

Ubishi unaishia hapo. Kutoka kwenye sufuria yake ya mvuke, ya kusafishia vifaa, Mama Vipini anatoa kipini cha titani, chuma chepesi ambacho ngozi nyingi hukipokea bila matata. Kimenyooka, kichwa chake laini, na nyuma kina bamba dogo la kulala ndani ya pua. Anatia alama kwa wino na kumshikisha bibi harusi kioo aone kama alama imekaa anapopataka, kisha anavaa glavu mpya na kufungua sindano mpya.

"Vuta pumzi. Itoe polepole."

Chozi moja linatoka, jicho la upande uliotogwa. Sindano inatupwa kwenye kopo gumu lenye mfuniko, na haitatumika tena. Ile bastola ya kutogea masikio haionekani hapa. Mama Vipini anasema pua si karatasi ya kubanwa pini.

Bibi harusi anajitazama kwenye kioo na kukunja uso. "Mbona kimechomoza?"

"Kirefu makusudi. Pua itavimba, na kikiwa kifupi kitazama kwenye nyama. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, usikizungushe, usikichezee. Baada ya wiki sita unarudi nakuwekea kifupi. Umeshakilipia, kinakusubiri."

Kile kifupi anakitia kwenye kifuko kidogo, na kifuko anakiweka kwenye kopo la biskuti lililo juu ya rafu. Kopo limejaa vifuko vya namna hiyo.

Bibi harusi akishaondoka, mwandishi wa makala haya, aliyeketi pembeni tangu asubuhi, anauliza kama kweli atarudi.

"Huyo? Wa harusi harudi," Mama Vipini anajibu bila kinyongo. "Mtu akipona anasahau. Wanaorudi mara nyingi ni wale waliobadilisha wenyewe wakaweka takataka. Kazi yangu nikiifanya vizuri, mtu simwoni tena."

Anacheka kidogo, kisha anaongeza sauti ya redio.

Chumba chake kiko mwisho wa korido ya jengo la maduka, ubavuni mwa fundi wa funguo. Fundi huyo ndiye aliyembandika jina la Mama Vipini. "Mimi na yeye tunakula kwa matundu," anasema. "Tofauti yetu, langu likienda kombo mteja analala nje. Lake likienda kombo anatembea nalo usoni." Ni mcheshi, lakini saa kumi na moja hufunga duka na kwenda kwa wanawe, na korido hubaki na mtu mmoja.

Kwa miaka mingi Mama Vipini alikuwa mhudumu wa hospitali, kwenye chumba cha kuchemshia vifaa. Kutoga alifundishwa na sonara aliyechoka kuona wateja wakirudi na vidonda, na alipostaafu akafungua chumba hiki. Siku nzuri huwatoga watu wanne. Siku nyingine hakanyagi mtu, na yeye huwasha taa kali hivyo hivyo, kiti kikiwa kitupu.

Kazi hii inamweka karibu na watu kuliko kazi nyingi. Anahisi pumzi zao, anajua nani anaogopa na nani anajikaza. Halafu anarudi kwenye nyumba ambayo, tangu mumewe afariki na binti yao wa pekee aondoke, haina wa kumwambia kwamba kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande.

"Nashika nyuso za watu kutwa," anasema. "Wangu, mtu wa mwisho kuushika alikuwa daktari wa macho."

Anasema hivyo akikunja taulo, kama anayezungumzia bei ya sabuni.

Chini kabisa ya kopo la biskuti kuna kifuko kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Ndani yake mna kipini kifupi cha dhahabu, kidogo kama punje ya mtama. Kilitengenezwa na yule sonara kutokana na pete ya ndoa ya marehemu mumewe, pete iliyokaa miaka kidoleni bila kumwasha. Ni cha binti.

Binti alipata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo, mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Siku nne kabla hajaondoka, mama yake alimtoga na kumwekea kipini kirefu.

"Watu waliniambia ningoje apate likizo," Mama Vipini anakumbuka. "Nikasema hapana. Nikimtoga sasa, ana sababu ya kurudi."

Wiki sita zikapita, likizo ya kwanza ikaliwa na kazi za ziada, na ya pili vilevile. Huu ni mwaka wa pili. Mama anajua fika kwamba kipini kirefu kikikaa sana huyumba, na tundu huanza kwenda upande.

"Angekuwa mteja, ningempigia nikamwambia aende kwa fundi yeyote aliye karibu. Kwa mwanangu mdomo ukawa mzito. Nikawa nasema tu, njoo, chako kipo."

Maneno hayo hayajaisha, simu inaita. Ni binti, kwa video, yuko kwenye mapumziko ya chai. Mama Vipini anavaa miwani, anatabasamu, halafu tabasamu linakwama.

"Sogeza simu karibu," anasema. "Geuka. Inua uso."

Binti anainua. Puani mwake kinang'aa kipini kifupi, kimelala sawasawa na ngozi.

"Usikasirike, mama. Kile kilikuwa kinanasa kwenye barakoa kila siku. Juzi kilitoa damu."

"Nani kakuwekea?"

"Kuna mama mmoja nyuma ya kiwanda."

"Alinawa?"

"Alinawa."

"Glavu?"

"Mpya. Akaniuliza kama hereni za bei rahisi zinaniwasha. Nikacheka, akadhani namdharau."

Mama Vipini anaisogeza simu karibu na miwani. Anakitazama kipini cha mtu mwingine kwenye pua ya mwanawe kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama bibi harusi.

"Kakuwekea vizuri," anasema hatimaye. "Mwambie nimesema kakuwekea vizuri."

Kengele ya kiwanda inalia, na simu inakatika. Mama Vipini anavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Machozi yanamtoka, macho yote mawili, na hajisumbui kuyaficha. Redio inaendelea kusoma matangazo ya biashara.

Kisha anafungua kitambaa cheupe na kukitoa kile kipini cha dhahabu. Mwandishi anauliza atakifanyia nini sasa, kwa kuwa mwenyewe hakihitaji tena.

Mama Vipini anasogea kwenye kioo cha wateja, anajiweka kipini ubavuni mwa pua, anageuka kushoto na kulia. Ndipo mwandishi anapogundua jambo alilopaswa kuliona tangu asubuhi: pua ya Mama Vipini haijawahi kutogwa.

"Nani angenitoga?" anasema. "Mwenyewe siwezi."

Mpango wake unaiva papo hapo, na fundi wa funguo anaitwa mlangoni na kuambiwa kwamba ndiye atakayewapokea wateja na kuwaomba wangoje. Mwezi ujao atafunga wiki nzima, apande basi, amtembelee binti yake. Watakwenda wote kwa yule mama nyuma ya kiwanda. Yeye atakaa kitini, na binti atamshika mkono.

"Atanitia kirefu, nirudi nacho huku," anasema. Anakifunga kile cha dhahabu kwenye kitambaa chake, safari hii anakitia kwenye mkoba. "Hiki kifupi nitamwachia mwanangu anitunzie. Wiki sita zikiisha, itabidi niende tena."