Shujaa Asiyesema Uongo

Siku wakubwa wa kiwanda cha kufulia mashuka waliposema rafiki yake ameungua kwa uzembe wake mwenyewe, Dadu alirudi nyumbani, akaufunga mlango kwa kisigino, akaketi kumuumba adui.

Dadu lilikuwa jina la utani. Siku za kazi alipiga pasi mashuka ya mahoteli kiwandani humo. Jumapili aliongoza mchezo. Ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji hubuni mtu wake, akamsemea na kumwamulia, na dadu zikirushwa ndizo zinazotoa hukumu kama amefaulu au amekwama. Msimulizi ni Dadu. Mji, maadui na mikasa yote hutoka kichwani mwake. Safari hii aliwaahidi wenzake mchezo mrefu wa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, na hasira ilimpa mji mzima kwa jioni moja. Adui alimwita Bwana Mvuke. Alivaa suti, alinukia vizuri, na alizungumza kwa sauti ya meneja wao. Kiwandani mwake mlikuwa na mashine inayomeza mikono ya watu.

Jumapili walikutana kwa kinyozi, chumba cha nyuma ya saluni. Kinyozi mwenyewe alikuwa mchezaji. Wengine ni kaka yake Dadu, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, na Mapete, yule rafiki aliyeungua kwenye mashine ya kupigia pasi. Mkono wa kulia wa Mapete ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwiko, na kazi alikuwa hana tena.

"Kabla hatujarusha chochote," Dadu alisema, "kila mtu anieleze shujaa wake. Nguvu zake, na jambo moja ambalo hatalifanya hata akiwekewa kisu shingoni."

Kinyozi akaanza. Shujaa wake aliweza kumlaza mtu usingizi kwa maneno matupu.

"Huyo si shujaa, huyo ni wewe," Dadu akamwambia, wakaangua kicheko.

Kaka mtu akajikohoza. Wa kwake aliitwa Ukuta. Moto haumshiki, risasi haimpenyi. "Na hatasema uongo," aliongeza. "Hata iweje."

Mapete alicheka tena, safari hii peke yake, mpaka wenzake wakatazamana.

"Hebu rudia."

"Nimesema hatasema uongo."

"Wewe! Mbele ya kamati ya kiwanda nilisomewa maelezo, kwamba kinga ya kuzuia mikono isiingie mashineni ilikuwepo na mimi ndiye niliyeifungua. Chini yake pana sahihi yako. Wewe uliyeifungua kwa spana yako, nikikuona kwa macho yangu, ili mashuka yapite haraka! Nimenyamaza kwa sababu ya mdogo wako huyu. Leo siwezi."

Kinyozi alichukua ufagio akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Dadu alimkazia macho kaka yake.

"Kaka, ni kweli?"

"Meneja aliniletea karatasi imeshaandikwa. Ningefanyaje, mdogo wangu? Nina watoto."

"Na wa mwenzako ni vifaranga?"

"Usichanganye mambo. Huu ni mchezo tu."

"Kazini umemkandamiza mtu, halafu Jumapili unakuja kujipaka ushujaa mezani kwetu! Ondoka! Ondoka kabla sijasahau kwamba tumelala tumbo moja!"

Aliondoka, akaliacha koti lake kitini. Dadu akamgeukia Mapete akidhani sasa wako upande mmoja. Wapi!

"Na wewe usinitazame hivyo. Hiyo mashine inayomeza mikono nimeiona kwenye karatasi zako. Uliniuliza? Mkono wangu umekuwa kichangamsho cha Jumapili?"

"Nilitaka meneja apigwe," Dadu alisema. "Angalau mahali fulani, apigwe."

"Na nani? Na Ukuta?"

Bwana Mvuke alikuwa adui rahisi, mtu yeyote angemchukia kwa kumtazama. Aliyeifungua ile kinga hakuvaa suti. Alikuwa mtu aliyembeba Dadu mabegani utotoni. Dadu akazichana zile karatasi zote, na hata kuzichana hakukumpoza.

Kesho yake mashine ilikuwa inanguruma bila kinga, na penye nafasi ya Mapete amesimamishwa binti mgeni. Dadu hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitufe chekundu, akakigonga kwa ngumi. Mashine ikazimika.

Meneja alishuka mbio. "Washa!"

"Washa wewe. Halafu utie mkono wako hapa."

Wanawake waliokuwa wakipiga pasi waliachia mashuka, mmoja baada ya mwingine. Kaka yake alitokea na mkoba wa vifaa, na meneja akamwonyesha kitufe kwa kidole. Yeye akachuchumaa, akairudisha kinga na kuikaza bolti kwa bolti, bila kumtazama mtu.

"Kinga imerudi," Dadu alimwambia, wote wakisikia. "Maneno yako je?"

Kaka mtu alijifuta mikono, akapanda ngazi kwenda ofisini.

Aliyafuta maelezo yake siku ileile, naye akasimamishwa kazi. Kamati ililazimika kumsikiliza Mapete upya, na kiwanda kikakubali kosa na kumrudisha kazini. Vidole vyake viwili havikukunjika tena.

Mapete alirejea saluni kwa hiari yake. Walikaa na Dadu wakaupanga mchezo upya, wakibishana kila hatua. Mapete alitaka adui awe mtu wa kawaida, mpole, anayependwa na jirani zake. "Huyo ndiye anayenitisha," alisema.

Jumapili ya kwanza ya mchezo mpya, kaka mtu alisimama mlangoni. Dadu akatoka nje akamkabidhi koti lake.

"Nimeshasema ukweli, mdogo wangu."

"Nimesikia. Bado nina hasira nawe."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ikiisha, nitakuja kwako mimi mwenyewe."

Dadu akarudi ndani, ambako wenzake walikuwa wanamsubiri.